Kabla ya Kununua Kiwanja Moro, Uliza Barabara Inatokea Wapi

Dalali yeyote wa Morogoro atakwambia kiwanja chake kipo barabarani. Usibishane naye. Muulize swali moja tu: hiyo barabara inatokea wapi? Akijibu kwamba inaishia hapo mbele kwenye ukuta wa mtu, ila "baadaye itafunguliwa", jua kazi yako ndiyo kwanza inaanza.

Wanunuzi wengi huangalia bei, ukubwa, maji na umeme. Vyote hivyo vina dawa. Umeme utavutwa, kisima kitachimbwa, bei mtaongea. Mpangilio wa barabara ukishaharibika, dawa yake ni ghali na inachukua miaka. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, wenyewe hufa watoto wakarithi, lakini njia waliyoiacha katikati yao hubaki palepale. Pita mitaa inayozunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu ujionee. Soko limejengwa upya na kufunguliwa 2021, maduka ya pembeni yamebadilisha sura na wenyewe, lakini mitaa inakatana palepale ilipokuwa ikikatana tangu zamani.

Kwa hiyo soma barabara kwanza. Haihitaji shahada. Inahitaji simu yenye bando, viatu vya kutembelea, na nusu siku.

Jua mji unakimbilia wapi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 315,000 katika Manispaa ya Morogoro. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 471,000. Hao ni watu laki moja na nusu wapya ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kutoka Dar, safari ya chini ya saa mbili. Sasa hata mtu wa Ubungo anawaza kujenga Mji Kasoro Bahari.

Kusini mji hauna pa kwenda, Uluguru imesimama. Kwa hiyo unatanuka kwenda kaskazini, na kufuata barabara kuu zinazokutana Msamvu: ya Dar, ya Dodoma na ya Iringa. Mashamba ya Mkundi, Lukobe, Tungi na Kingolwira yanakatwa viwanja.

Mji unaofuata barabara kuu huota kama mfupa wa samaki: uti mmoja mrefu, na mbavu nyingi zisizogusana. Kila ubavu ni shamba la mtu lililokatwa viwanja, na njia moja ya kuingilia. Unamwona jirani wa ubavu wa pili akianika nguo, lakini ukitaka kumpelekea sahani ya futari inabidi utoke mpaka barabara kuu, utembee pembeni ya malori, halafu uingie tena ndani. Mtoto anayekwenda shule hupita huko huko. Gari la wagonjwa hupita huko huko. Bodaboda naye anakutoza kwa mzunguko huo, si kwa umbali unaouona kwa macho.

Anza na simu

Fungua Google Earth. Tafuta eneo unalotaka, kisha ufungue picha za miaka ya nyuma. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone pori au mashamba matupu. Sasa songa mbele taratibu, ukitazama jambo moja: nini kilitangulia, njia au nyumba?

Ukiona mistari ya barabara imechongwa kwanza na nyumba zikaja kujipanga pembeni, hilo ni eneo lililopangwa. Ukiona nyumba zimetangulia huku na huku, halafu njia zikajipenyeza kati yake, tegemea kona, vichochoro na ugomvi wa mipaka. Ukiona barabara iliyokuwa wazi miaka mitano iliyopita na leo ina paa juu yake, usilipuuze hilo. Kuna mtu amejenga njiani. Andika mahali hapo, utapauliza mtaani.

Baada ya hapo fanya hesabu ndogo. Weka kidole kwenye kiwanja unachokitaka, ukadirie duara la mita 500 kukizunguka. Hesabu makutano na ncha zote za barabara ndani yake. Yatenge mafungu matatu: yanayokutanisha njia nne, yanayokutanisha njia tatu, na ncha zisizotokea popote. Ncha zikiwa chache, umepata mtaa unaopitika. Zikikaribia nusu ya hesabu yote, omba bei ipungue au tafuta kwingine. Hicho ni kipimo changu cha mkono, hakimo kwenye kanuni yoyote, ila kinakutenganishia haraka eneo zuri na eneo la kukimbia.

Kipimo cha pili ni cha mzunguko. Chagua sehemu tatu utakazokwenda kila siku: kituo cha daladala, shule, duka la dawa. Kwa kila moja, pima umbali wa mstari ulionyooka, kisha umbali wa njia yenyewe. Ikiwa mita 400 za mstari zinakuwa mita 600 za kutembea, hiyo ni kawaida. Zikiwa mita 1,200, unanunua mzunguko wa maisha. Zidisha mara mbili kwa siku, halafu mara watu wa nyumbani mwako.

Lakini simu isikudanganye. Ramani huonyesha njia ambayo mtu alishaifunga kwa ukuta mwezi uliopita, na haionyeshi upenyo ambao wanafunzi wanautumia kila asubuhi. Ndiyo maana unahitaji viatu.

Halafu tembea

Usiende na gari la dalali. Gari lake linaijua njia moja, ile nzuri. Shuka kituoni uingie kwa mguu, na ukitoka, tokea upande mwingine. Ukishindwa kupata upande mwingine, umeshajibiwa.

Zungumza na bodaboda wa kijiweni. Hawa ndio mabingwa wa mtandao wa barabara kuliko ramani yoyote. Usimuulize kama eneo ni zuri. Muulize hivi: "Kaka, mvua ikinyesha unapitia wapi?" na "Usiku ukibeba abiria wa kule ndani, unatokea wapi?" Atakutajia kalavati iliyozibwa, geti linalofungwa saa nne, na mzee asiyetaka watu wapite uani kwake.

Angalia pia magari makubwa yanageuzia wapi. Lori la mchanga likilazimika kurudi kinyumenyume mpaka barabarani, gari la zimamoto litafanya vivyo hivyo, na la kunyonya maji taka pia. Utaanza kulilipia hilo siku ya kwanza ya ujenzi. Mwenye lori akikwambia atamwaga mchanga mita mia kutoka site, tia hesabuni vibarua wa kuubeba.

Hesabu vivuko kuliko lami

Hapa Moro ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanaona lami wanafurahi. Mji huu umekatwa na mito na reli, na kinachounganisha mitaa ni kivuko, si lami.

Mito inashuka kutoka Uluguru. Mto Morogoro unapita katikati ya mji kwenda kuungana na Ngerengere, na kuna vijito na makorongo mengi ambayo kiangazi huwezi hata kuyatambua. Kiwanja kinaweza kuwa mita 200 kutoka barabara nzuri ya ng'ambo, na kati yake kuna korongo lisilo na daraja. Dalali atakuonyesha ile barabara kwa kidole. Mwambie muende kwa miguu.

Nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au angalau siku moja baada ya mvua kubwa ya vuli. Angalia daraja kama bado lipo, kalavati kama inapitisha, na maji yamefika wapi ukutani. Uliza kuna vivuko vingapi. Kimoja tu? Basi kikienda na maji, mtaa wote unakuwa kisiwa.

Na kama kiwanja kiko ukingoni mwa mto, usiongozwe na uzuri wa mandhari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barabara inayopita humo haitakusaidia kitu.

Reli nayo. Ile ya zamani ilifika Morogoro 1907, na mji umezoea kuikatiza. SGR ni jambo jingine. Imezungushiwa uzio kwa sababu treni zake zinakwenda kasi, na unaweza kuivuka tu kwenye madaraja na vivuko vya chini. Ukinunua upande wa Kihonda au kwingineko inakopita, usipime umbali kwa macho. Tafuta kivuko kilipo, tembea mpaka hapo, pita, rudi. Shule mnayoiona ng'ambo ya uzio inaweza kuwa nusu saa kwa miguu ya mtoto. Kinyume chake pia ni kweli: kiwanja kilicho karibu na kivuko cha chini kina thamani ambayo muuzaji mwenyewe pengine hajaigundua. Usimwambie kabla hamjaandikiana.

Mlimani usidai mraba

Ukipanda Kilakala, Bigwa au Mlimani, badilisha macho. Mitaa ya mraba ni ya tambarare. Kwenye mteremko mkali, barabara inayonyooka kutoka juu hadi chini ni mfereji wa maji. Mwaka wa kwanza ni barabara, mwaka wa tatu ni korongo, na udongo wake umo sebuleni kwa jirani wa chini.

Huko tafuta barabara inayokwenda kwa kuambaa na mlima, yenye mteremko wa wastani na mtaro upande wa juu. Halafu tafuta vijia vya miguu vinavyoshuka kukatiza barabara moja hadi nyingine. Vijia hivyo ndivyo vinavyofanya mtaa wa mlimani upitike. Mama anayeteremka na ndizi kichwani kwenda sokoni hafuati kona za gari. Anashuka moja kwa moja. Kijia chake kikiwekwa ngazi za mawe na kupewa mkondo wa maji pembeni, kinadumu. Kikizibwa na uzio, mtaa mzima unazunguka.

Kwa hiyo mlimani, barabara ya gari isiyotokea si lazima iwe dosari, mradi kuna kijia cha miguu mwishoni. Hakikisha kijia hicho kimo kwenye mchoro au kwenye maandishi ya mtaa. Njia ya mazoea tu, mwenye shamba akibadilika nayo inabadilika.

Na usipande mno. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008. Ndiko maji ya mji yanakotoka. Anayekuuzia kiwanja chenye "njia ya kupanda mpaka msituni" anakuuzia kesi.

Ofisini: uliza mchoro wa jirani

Umependa kiwanja. Sasa nenda ofisi za ardhi na mipango miji za Manispaa ukiwa na namba ya kitalu na kiwanja. Ulizia mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji. Fanya upekuzi wa umiliki, hilo nadhani unalijua. Jambo ambalo watu hawaulizi ni mchoro wa jirani.

Kila mwenye shamba anapopima, anaajiri mpimaji wake. Mpimaji anachora ndani ya mipaka ya shamba aliloitiwa. Anaweka barabara safi, zinakatana vizuri, zinaishia mpakani. Shamba la pili linakuja na mpimaji mwingine, naye anapanga viwanja vyake hadi mpakani, barabara zake zinatazama upande mwingine. Michoro yote miwili ni mizuri. Ukiiweka pamoja, barabara ya mita kumi inagonga choo cha mtu.

Kwa hiyo omba kuona michoro inayopakana. Fuata barabara yako kwa kidole hadi ukingoni, uulize: "Hii kwa jirani inaendelea?" Ikiwa shamba la jirani bado halijapangwa, usichoke, hiyo ni nafasi. Muulize afisa mipango kama kuna mpango wa eneo zima unaoonyesha barabara itapita wapi. Kama upo, na barabara yako inaendelea humo, umepata kitu. Kama haupo, unachonunua ni matumaini, na matumaini yana bei yake: iwe ndogo.

Ukirudi uwandani, tafuta bikoni za barabara, si za kiwanja chako tu. Pima upana kati ya bikoni hadi bikoni kwa tepu. Mchoro ukisema mita kumi na ardhini zimebaki sita, kuna mtu kasogeza ukuta. Bora mgombane naye kabla hujalipa, au bora zaidi, agombane naye muuzaji.

Kama kiwanja kinapakana na barabara kuu, kumbuka hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu ya duka iliyojengwa humo ina alama ya X inayosubiri rangi tu.

Kwa nini viwanja vya zamani bado vinapendwa

Kuna jaribio la kweli lililofanyika hapa, na Morogoro ilikuwemo. Miaka ya 1970 na 1980, serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia iliandaa miradi ya makazi katika miji saba ya Tanzania. Kwingine walichukua ardhi tupu, wakachonga barabara na kukata viwanja, watu wakaja kujijengea wenyewe. Kwingine waliingia kwenye makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, wakaongeza barabara na maji.

Watafiti wakiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics walirudi kuangalia miongo kadhaa baadaye, na matokeo yakachapishwa 2021. Maeneo yaliyopangwa yakiwa matupu yalikuwa na nyumba bora zaidi, mpangilio ulionyooka na barabara zinazofikika. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakuonyesha nafuu ya namna hiyo yakilinganishwa na maeneo jirani. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye yale matupu barabara zilitengwa mapema. 

Duniani kote hali ni hiyo. Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha vipimo vya barabara za dunia nzima tangu 1975, wakakuta mitaa mipya mingi inajengwa ikiwa imejifungia zaidi kuliko ya zamani. Marekani yenyewe ilifikia kilele cha mitaa isiyotokea miaka ya 1990, ndipo ikaanza kujirudi. Wana pesa za kuvunja, na bado mitaa ya wakati ule hawajaifungua.

Unauza ekari? Fanya hesabu hii

Huenda wewe si mnunuzi. Huenda ni wewe unayekata shamba la familia. Basi chukua karatasi.

Ekari moja ikiwa mraba ina karibu mita 64 kila upande. Wengi hukimbilia viwanja tisa vya 20 kwa 20. Vikikaa vitatu kwa vitatu, unabakiwa na ukanda wa mita tatu na kitu. Ukanda huo hauwezi kufikia safu zote. Viwanja vitatu vitakosa njia, na huko ndiko kesi zitakakoanzia, wewe ukiwa shahidi wa kudumu baraza la ardhi.

Sasa jaribu hivi. Pitisha barabara ya mita nane katikati, kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Kila upande unabaki na kina cha karibu mita 28. Gawa kila upande mara nne. Unapata viwanja vinane vya takriban mita za mraba 440 kila kimoja, vyote vinatazama barabara, na barabara inatokea pande zote mbili. Ardhi uliyouza imepungua kwa kama mita za mraba 60 tu ukilinganisha na vile tisa. Kwa bei ya kiwanja chenye barabara mbele, hukupoteza.

Usianze kuuza kabla mpimaji na ofisi ya mipango miji hawajaupitisha mgawanyo wako. Na kabla hujachagua barabara ipite wapi, mfuate mwenye shamba la pili. Mkikubaliana barabara zenu zikutane mpakani, wote wawili mmepandisha bei bila kutumia senti.

Umeshajenga, na barabara imekufa

Wengi wenu mko hapa. Usikate tamaa, ila usianze na kudai barabara ya mita kumi. Anza na kipande kimoja.

Rudi kwenye ramani. Tafuta ncha mbili zisizotokea zilizokaribiana kuliko zote. Mara nyingi katikati yake pana kiwanja kimoja au viwili, mita thelathini, arobaini. Kipande hicho kikifunguliwa, hata kwa upana wa mita mbili za kupitisha pikipiki na mkokoteni, watu wa pande zote mbili wanapata njia ya pili. Faida yake ni kubwa kuliko kupanua barabara ambayo bado inaishia ukutani.

Halafu mfuate mwenye ardhi. Si kwa barua, si kwa mwenyekiti kwanza. Nendeni wawili watatu, watu anaowajua, jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibuni wajukuu zangu."

"Asante bibi. Hatujaja kuomba shamba. Tumekuja kuomba pembeni, mita mbili, pale kwenye mstari wa mipapai. Na tutakulipia kupima mpaka wako wote, uwe na bikoni zako."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Wazee wengi hawaogopi watu kupita. Wanaogopa kwamba njia ikishakuwa njia, shamba zima litaliwa kidogo kidogo. Mpe mpaka ulioandikwa na umemwondolea hofu. Piga hesabu mbele yake: mita mbili kwa arobaini ni mita za mraba 80. Kama anataka fidia, changeni. Mkiwa kaya ishirini, haimuumizi mtu.

Jambo moja la hapa kwetu. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Kwenye miteremko ya Uluguru unaweza kuongea na baba wa nyumba wiki nzima, mkaelewana, mkala na chakula, kumbe shamba si lake. Ni la mkewe na ukoo wao. Uliza mapema, kwa adabu: "Wajomba nao tuwaone?" Ukiwaruka, makubaliano yatavunjika siku watakayosikia.

Mkikubaliana, ndipo muende serikali ya mtaa. Ombeni ajenda iingie kwenye mkutano wa mtaa. Muhtasari uandikwe, na uwe na vipimo, mchoro wa mkono, majina ya waliotoa ardhi, saini na mhuri. Nakala moja mtendaji wa mtaa, moja kwa mtoa ardhi, moja kwenu. Baada ya hapo upelekeni ofisi ya mipango miji ili iingizwe kwenye mchoro, hasa kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji. Urasimishaji ndio wakati mzuri kuliko wote, kwa sababu kila mtu anataka hati na kila mtu yuko tayari kusogea kidogo. Ukishapita, hakuna atakayesogea.

TARURA, ambayo tangu 2017 inashughulikia barabara za mijini na vijijini, haiwezi kuleta greda kwenye njia isiyotambulika. Karatasi kwanza, greda baadaye.

Siku hiyo hiyo mliyokubaliana, wekeni alama. Pandeni minyaa au michongoma pande zote mbili. Msingoje bikoni. Ardhi isiyo na alama hulimwa mahindi masika yajayo, na mahindi yakishaota hakuna mwenye moyo wa kuyakanyaga.

Ifanye ionekane

Njia ikifunguka, iweke kwenye ramani. OpenStreetMap inaruhusu mtu yeyote kuchora, ni bure, na programu nyingi za ramani za simu huchukua humo. Hata wale watafiti wa barabara za dunia walitumia data zake. Fungua akaunti, kuza picha ya setelaiti ya mtaa wako, chora mstari, useme ni barabara ya gari au ya miguu. Usisahau kuunganisha ncha zote mbili na barabara zilizopo. Mistari ikigusana kwa macho tu bila kuunganishwa, programu itaendelea kuwazungusha watu kama zamani.

Kisha mwone mtendaji wa mtaa kuhusu anwani. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na njia mpya inahitaji jina nayo. Pelekeni jina moja mlilokubaliana, si matano. Jina likishaingia kwenye mfumo wa anwani wa NaPA na kibao kikasimama pande zote mbili za njia, atakayetaka kujenga ukuta katikati itabidi aeleze kwa nini anafunga mtaa wenye jina.